Uzi wa bandi: Donald Steiner na kipande cha insulini kilichodhaniwa takataka

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, Isevya, Tabora mjini. Anashonea barazani, kivulini mwa mwembe, kwa cherehani ya kukanyaga iliyomzidi umri mwanawe wa mwisho. Mwaka jana mwanawe huyo, kijana wa miaka 19, aligundulika ana kisukari. Siku daktari alipotuambia kwamba kongosho yake haitengenezi tena insulini, mama mdogo aliuliza swali ambalo mimi, na sayansi yangu yote ya darasani, sikuwahi kujiuliza: "Daktari, mmejuaje imeacha kazi? Mbona hamjampasua?"

Daktari alikuwa na foleni mlangoni. Akasema, "Tumepima peptidi C, mama," akaandika dozi ya sindano, tukaaga. Kazi ya kueleza ikabaki kwangu, ndani ya bajaji, kwenye vumbi la Oktoba. Nilijibu ovyo. Hiki ninachoandika ndicho nilichopaswa kumjibu siku ile, na hakielezeki bila kumtaja Donald Steiner, Mmarekani aliyetumia karibu miaka hamsini kuifuatilia molekuli moja tu.

Nianze na mahali sayansi ilipokuwa imefika kabla yake. Insulini yenyewe ilikwisha kupatikana. Frederick Banting na Charles Best waliitoa kwenye kongosho za mbwa mjini Toronto mwaka 1921, katika maabara ya John Macleod. James Collip akaisafisha, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa dawa hiyo. Kufikia mwaka 1955 Frederick Sanger, huko Cambridge, alikuwa ameisoma yote, asidi amino (vipande vidogo vinavyoungana kuwa protini) moja baada ya nyingine, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Alikuta insulini ni minyororo miwili. Mnyororo A una asidi amino 21, mnyororo B una 30, na minyororo hiyo imeunganishwa kwa vifungo viwili vya salfa. Kifungo cha tatu kimo ndani ya mnyororo A wenyewe.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Vifungo hivyo vitatu vinashikwa na asidi amino sita za aina moja, sisteini, na sisteini yoyote yaweza kushikana na nyingine yoyote. Ukipiga hesabu, sita zinaweza kujipanga jozi jozi kwa njia 15. Njia inayotoa insulini inayofanya kazi ni moja. Wanakemia wa China, Ujerumani na Marekani waliitenganisha minyororo hiyo au kuitengeneza upya, kisha wakajaribu kuikutanisha kwenye chupa. Ilikutana, lakini kwa mavuno haba. Kiasi kikubwa kiliishia kuwa mafundo yasiyo na faida. Sasa, seli iliyo hai haiwezi kuendesha biashara ya hasara ya namna hiyo miaka sabini. Hata hivyo wengi waliendelea kuamini lile lililoonekana wazi kwa macho: insulini ina minyororo miwili, basi seli huitengeneza miwili, halafu huiunganisha.

Steiner alizaliwa mwaka 1930 katika mji uitwao Lima, ulioko jimbo la Ohio, si ule wa Peru. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Chicago akamaliza mwaka 1956, akaenda Seattle kwa mafunzo, akarudi Chicago mwaka 1960. Hakuondoka tena. Kwetu mtu akikaa ofisi moja hivyo watu husema kakosa uhamisho. Kwake ilikuwa bahati, kwa sababu katikati ya miaka ya 1960 aliletewa kitu ambacho watafiti wengi hawakipati maishani, nacho ni uvimbe.

Ulikuwa uvimbe wa nadra uliotolewa kwenye kongosho ya mgonjwa. Uvimbe wa aina hii huundwa na seli beta, zile zinazotengeneza insulini, ambazo zimezaana bila mpaka na kumwaga insulini saa zote, ikiwa mtu amekula au hajala. Mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, huanguka, kwa sababu sukari yake inashuka mno. Kwa mgonjwa ni balaa. Kwa mtafiti ilikuwa hazina. Katika kongosho ya kawaida, visiwa vyenye seli beta ni sehemu ndogo sana, kama moja au mbili kwa mia. Sehemu iliyobaki hutengeneza juisi kali za kusaga chakula, na juisi hizo zikivuja kwenye chupa ya majaribio humeng'enya protini yoyote iliyo jirani. Kutafuta insulini changa humo ni kama kutafuta shati jipya kwenye banda la mbuzi. Uvimbe ulikuwa karakana iliyojaa mafundi wa aina moja, wote wakishona nguo moja.

Steiner na mwanafunzi wake Philip Oyer waliukata vipande vyembamba wakaviweka kwenye maji yenye virutubisho, pamoja na asidi amino zilizotiwa alama ya mionzi. Protini yoyote ambayo seli zingeitengeneza kuanzia saa hiyo ingebeba alama. Baada ya muda walizitoa protini na kuzipitisha kwenye bomba refu lililojaa punje laini zenye vitundu.

Bomba hilo lina tabia ya ajabu kidogo, na ukiielewa umeelewa jaribio zima. Fikiria Soko Kuu la Tabora siku ya Jumamosi. Mtoto akitumwa kulivuka ataingia kila kibanda, ataonja embe, ataangalia mizani, na atachelewa. Mwenye mkokoteni uliojaa magunia haingii popote, mkokoteni haupiti. Anashika njia kuu na kutokea upande wa pili mapema. Ndivyo ilivyo kwenye bomba: molekuli ndogo huingia kwenye vitundu vya punje na kuchelewa, kubwa hupita pembeni na kutoka kwanza.

Walipopima mionzi walikuta vitu viwili. Kimoja kilitoka pale insulini inapotarajiwa kutoka. Kingine kilitoka mapema zaidi, maana yake kilikuwa kikubwa kuliko insulini, na bado kingamwili za insulini, yaani protini za kinga zinazoinasa insulini, zilikitambua. Kilichomaliza ubishi ni mpangilio wa wakati. Mwanzoni mionzi ilikuwa kwenye kile kikubwa, kisha kadiri muda ulivyokwenda ikahamia kwenye kile kidogo. Kikubwa kilikuwa mzazi wa kidogo. Na walipokigusa kile kikubwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kilitoa kitu kinachofanana sana na insulini. Wakachapisha mwaka 1967. Jina lililobaki ni proinsulini.

Kwa hiyo seli haitengenezi minyororo miwili. Inatengeneza mmoja mrefu: B mwanzoni, A mwishoni, na katikati kipande cha kuunganisha, ambacho ndicho peptidi C. Mnyororo huo ukiwa mzima hujikunja, sisteini sita zinakutana kila moja na mwenzake, vifungo vitatu vinafungwa mahali pake. Baada ya hapo ndipo kipande cha katikati kinakatwa na kuondolewa.

Siku ile kwenye bajaji nilikuwa na mfano mzuri kuliko yote umekaa pembeni yangu, na sikuuona. Mama mdogo anapotaka kuunga mkono wa gauni kwenye bega, haendi moja kwa moja kwenye cherehani. Kitambaa kitateleza. Kwanza anapiga bandi: anashikiza kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti, mishono mirefu mirefu, mpaka mkono na bega vikae pale vinapotakiwa. Kisha anakanyaga cherehani juu yake. Mshono ukishashika, anauvuta uzi wa bandi na kuudondosha sakafuni. Jioni, kabla hajafunika cherehani, barazani kumejaa vijiuzi vyekundu na vyeusi kama vinyweleo.

Peptidi C ni uzi wa bandi wa insulini.

Hesabu yake nayo inapendeza. Proinsulini ya binadamu ina asidi amino 86. Mnyororo B ni 30, A ni 21, peptidi C ni 31, jumla 82. Nne zilizopungua ziko kwenye maungio, mbili kila upande, na ni za aina ambayo mkasi wa seli unaitambua: "kata hapa." Zikikatwa, nazo hutupwa.

Na uzi wenyewe? Kwa muda mrefu ulihesabiwa takataka, na hadi leo mabishano kama una kazi yoyote ya maana mwilini hayajaisha. Lakini Steiner alikuwa na mwenzake Chicago, daktari aliyetoka Afrika Kusini, Arthur Rubenstein, na wao waliitazama takataka hiyo kwa jicho la mama mdogo anapofagia. Mwaka 1969 walionyesha kwamba peptidi C haimomonyoki ndani ya seli. Hutolewa pamoja na insulini, kwa idadi ile ile, na huzunguka kwenye damu. Gauni moja, uzi mmoja. Ukitaka kujua fundi kashona magauni mangapi leo, na wateja wamekwisha kuyachukua, hesabu vijiuzi sakafuni.

Msomaji makini atauliza: kwa nini msihesabu magauni yenyewe? Kwa nini wasipime insulini moja kwa moja? Wanapima pia, lakini ina matatizo, na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Insulini ikitoka kwenye kongosho hupita kwanza kwenye ini, na ini hujichukulia karibu nusu yake kabla haijafika mkononi pale unapochomwa sindano ya kutoa damu. Inayobaki haikawii: ndani ya dakika chache nusu yake imekwisha. Peptidi C ini haina haja nayo, na hukaa kwenye damu kama nusu saa kabla haijapungua nusu. Sakafu inatunza kumbukumbu kuliko kabati.

Tena kuna sababu kubwa zaidi. Mgonjwa anayechomwa insulini ana insulini kwenye damu, ndiyo, ila ni ya dukani. Kipimo hakiwezi kukuambia kwa uhakika ipi ni yake na ipi ni ya sindano. Ila insulini ya dukani ni kama mtumba wa gredi A: inavalika, inapendeza, lakini imefika imekamilika na uzi wake wa bandi ulibaki kiwandani. Ukikuta peptidi C kwenye damu ya mtu anayechoma sindano, huo uzi umetoka kwenye kongosho yake mwenyewe, haukutoka pengine. (Wachunguzi wa vifo vya kutatanisha wanaijua mbinu hii. Mtu akikutwa na insulini nyingi na peptidi C kidogo, kuna aliyemchoma, au kajichoma.)

Nirudi kwa huyu mdogo wangu. Alianza kukonda mwezi wa sita. Alikuwa anamaliza jagi la maji usiku mmoja na kuamka mara nne kukojoa. Walipompima kwa tone la kidole, mashine haikuandika namba, iliandika neno la kuonyesha sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Kituo cha kwanza walimpa vidonge viwili tunavyovijua wote, metformini na glibenklamaidi, kama anavyopewa mzee wa miaka 60 mwenye kitambi. Miezi minne sukari haikushuka. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alituletea lita nzima ya asali ya porini, ya miyombo, akisema hii ni dawa, haina sukari ya kiwandani.

Asali ya Tabora naipenda, na sitaisema vibaya. Lakini karibu theluthi moja ya asali ni glukosi tupu, sukari ile ile ya kwenye damu, na fruktosi ni zaidi ya hapo kidogo, na damu haiulizi sukari imetoka kiwandani au kwenye mzinga. Tena kuna kichekesho hapa. Jina la kitaalamu la kisukari, "mellitus", ni Kilatini, maana yake tamu kama asali. Wahindi wa kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali baada ya kuona sisimizi wanaukimbilia, na katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis aliuonja mkojo wa wagonjwa na kuandika kwamba ni mtamu. Kumpa mgonjwa huyu asali ni kumrudishia kile anachokimwaga.

Vidonge vilishindwa kwa sababu inayoelezeka. Metformini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Glibenklamaidi inafanya kazi ndani ya seli beta. Kuna vilango vidogo vya potasiamu kwenye ngozi ya seli hiyo. Vikifungwa, seli huamka na kutoa insulini. Kwa kawaida glukosi ndiyo inayovifunga, jambo ambalo Frances Ashcroft wa Uingereza alilionyesha mwaka 1984. Glibenklamaidi inavifunga kwa nguvu hata glukosi isipoamuru. Kwa hiyo ni dawa ya kumsukuma fundi mvivu. Kama fundi hayupo, unalipigia kelele baraza tupu.

Daktari wa pili ndiye aliyeshuku na kuagiza peptidi C. Damu ya kwanza iliharibika njiani, na sitaki kusema kwa nani. Ilitolewa saa nne asubuhi, gari lililopaswa kuibeba likaondoka, ikalala mezani na joto la Tabora la kabla ya mvua. Peptidi kwenye damu ya chupa ya kawaida inamong'onyoka usipoitenga na kuipoza. Ikabidi achomwe tena, safari hii kwenye chupa yenye dawa ya EDTA, ambayo inaiwezesha kustahimili siku nzima bila barafu. Baadaye nilijifunza kwamba kuna njia nyepesi zaidi kwa watu wa mbali kama sisi: sehemu ya peptidi C hutolewa na figo, na mkojo ukitiwa asidi ya boriki unaweza kukaa siku tatu kabla ya kupimwa. Mkojo umerudi kazini, safari hii bila kuonjwa.

Majibu yalipokuja yalikuwa chini ya pikomoli 100 kwa lita. Wataalamu huchukua 200 kama mpaka: ukiwa chini yake huku sukari iko juu, kongosho yako imeishiwa, unahitaji sindano. Ukizidi 600, kuna insulini ya kutosha mwilini, tatizo ni matumizi yake, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili. Katikati ya hapo daktari hutumia akili. Na hata namba yenyewe ina mitego. Figo zikiwa mbovu, uzi unarundikana na kukudanganya kwamba fundi yupo.

Mtego mwingine umeua watu. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili huziua seli beta taratibu, na mgonjwa anapogunduliwa bado zimebaki chache zilizochoka. Akianza insulini ya sindano zinapumzika, na kwa wiki au miezi kadhaa zinafanya kazi tena kidogo. Sukari inatulia, dozi inashuka. Kipindi hiki madaktari wamekipa jina la fungate, na kama fungate yoyote, kina mwisho. Hapo ndipo mtu anasema amepona, au aliyempa majani ya kuchemsha anajitangaza, sindano zinaachwa, na baada ya muda mgonjwa anakimbizwa hospitali akihema kwa nguvu, mdomo ukinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Yale maneno ya vijiweni kwamba sindano "inaizoesha kongosho uvivu" yamegeuza jambo juu chini. Sindano inaipumzisha ile iliyobaki.

Lazima niseme pia kwamba mipaka ya aina ya kwanza na ya pili ilichorwa zaidi kwa kuwatazama wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, wa vijana wa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama watu wa aina ya kwanza, ulikuta karibu theluthi mbili yao hawana zile kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili unajishambulia. Ni ugonjwa gani basi? Watu wanaendelea kubishana. Ila angalia wanabishana kwa kutumia nini: peptidi C imo kwenye kila jedwali.

Steiner hakuishia kwenye uzi. Mwaka 1968 kundi lake lilionyesha kwamba hata ile insulini ya ng'ombe iliyokuwa ikiuzwa kama fuwele safi ilikuwa na proinsulini ndani yake. Watengenezaji wakalazimika kusafisha zaidi, na wagonjwa wakapungukiwa na mizio. Mwaka 1976, yeye na Shu Jin Chan walirudi nyuma hatua moja zaidi na kukuta kwamba hata proinsulini ina mzazi: mnyororo mrefu zaidi wenye kipande mbele chenye kazi ya kuufungulia mlango wa chumba cha ushonaji. Kwa binadamu kipande hicho kina asidi amino 24, na kikishapita mlangoni hukatwa hapo hapo, kama tiketi ya treni.

Mwaka 1979 wakaelezea kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mgonjwa alikuwa na sukari ya juu, na insulini kwenye damu yake ilikuwa nyingi. Ungesema mwili wake unaikataa insulini. Lakini walipomchoma insulini ya kawaida, ilifanya kazi vizuri tu. Basi tatizo lilikuwa kwenye insulini yake mwenyewe. Walipoichunguza walikuta asidi amino moja tu imebadilika, ile ya 25 kwenye mnyororo B. Gauni lilikuwa gauni, ila kifungo kimoja kimeshonwa mahali ambapo tundu halipo. Wakaiita insulini ya Chicago. Ugonjwa mzima, na chanzo ni herufi moja kwenye kromosomu ya 11.

Kwa miaka 23 kitu kimoja kilimkera Steiner: mkasi. Alijua tangu 1967 kwamba kuna kitu kinakata proinsulini, alijua kinakata wapi, lakini hakukijua. Kidokezo kilitoka mahali usipopatarajia, kwenye hamira. Wanasayansi waliokuwa wakichunguza hamira ya mikate walikuwa wamepata kimeng'enya chake kinachokata protini kwenye jozi zile zile za asidi amino. Steiner na Steven Smeekens wakatafuta ndugu yake ndani ya uvimbe wa seli beta wa binadamu, mwaka 1990, na wakampata. Sasa tunajua mikasi mikuu ni miwili inayosaidiana, na kwamba fundi akilemewa haimalizi kazi. Watu wenye aina ya pili huwa na proinsulini nyingi kuliko kawaida kwenye damu yao. Mama mdogo hilo halihitaji maelezo. Usiku wa kuamkia Idi, wateja wakiwa wamejazana barazani, amewahi kumpa mtu kanzu uzi wa bandi ukining'inia begani.

Mwaka 2007, Steiner akiwa na miaka 77, jina lake lilikuwemo kwenye utafiti wa Graeme Bell na wenzake walioonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa na kisukari wana kasoro kwenye jeni ya insulini. Mara nyingine ni moja ya zile sisteini sita iliyokosekana. Proinsulini inakosa pa kufungia, inajikunja vibaya, inajazana ndani ya seli mpaka seli inakufa. Andrew Hattersley wa Exeter, aliyekuwa kwenye utafiti huo, miaka mitatu nyuma alikuwa ameonyesha pamoja na Ashcroft kwamba watoto wengine wa namna hiyo kasoro yao iko kwenye vile vilango vya potasiamu. Hao wengi wao waliacha sindano wakahamia kwenye vidonge vya glibenklamaidi, vidonge vile vile vilivyomshinda mdogo wangu. Ndiyo maana mtoto anayepata kisukari kabla ya kutimiza miezi sita anastahili kipimo cha jeni kabla hajahukumiwa sindano za maisha, na maabara ya Exeter imekuwa ikiwapima watoto wa namna hiyo kutoka nchi nyingi bila kuwatoza.

Steiner alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 84.

Wiki iliyopita nilimweleza mama mdogo haya yote, nikiwa nimekaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani yake. Insulini ya kijana iko ndani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye mtungi wa udongo unaokaa juu ya mchanga uliomwagiwa maji, kwa kuwa friji hatuna. Alinisikiliza huku akivuta bandi kwenye kola ya shati la shule. Nilipofika kwenye majibu, akasimama.

"Umesema chini ya mia. Si sifuri?"

Si sifuri. Na hakuwa amekosea kuuliza. Watafiti wa Boston waliowapima watu waliokaa na kisukari cha aina ya kwanza zaidi ya miaka 50 walikuta wengi bado wana peptidi C kidogo kwenye damu. Kuna seli zilizojificha, zinashona shati moja moja. Wenye vijiuzi hivyo vichache hupata kushuka kwa sukari kwa nadra kuliko wasio navyo kabisa, na dawa mpya za kuituliza kinga ya mwili zinapojaribiwa, kinachohesabiwa kujua kama zimefaa ni vijiuzi hivyo hivyo.

"Basi mwambie huyo aliyeleta asali," akasema, akipinda mgongo kuokota uzi mwekundu uliodondoka, "fundi wa mwanangu hajafunga. Kapunguza kazi."